Njia Yenye Upana wa Jeneza

12 Julai

Jeneza la msikiti halitapita tena kwenye halot, ametangaza imamu leo baada ya swala ya Ijumaa. Kuanzia sasa maiti wa kijiji chetu cha Shialdanga watazungushwa kwa barabara ya lami, juu ya guta la magurudumu matatu, mpaka makaburini ng'ambo ya bonde.

Sababu anayo. Juzi, wakimbeba mzee Foyez, tuta lilimomonyoka chini ya wabebaji wa kushoto, jeneza likalala ubavu, na marehemu akaingia kwenye maji ya jaruba. Walimwosha mara ya pili makaburini, kwa maji ya pampu ya mkono.

Halot ni njia ya watu wote. Inakata katikati ya mashamba ya mpunga kutoka msikitini hadi kwenye mwinuko wa makaburi. Zamani mkokoteni wa ng'ombe ulipita bila shida. Jioni nimeipita kwa baiskeli, kama ninavyofanya karibu kila siku tangu nilipostaafu gazetini mjini Dinajpur na kuhamia hapa kwa mdogo wake marehemu mama yangu. Penye afadhali, tairi na miguu yangu vinatoshea. Penye ubaya nimeisukuma, baiskeli ikiwa juu ya njia na mimi nikiwa ndani ya maji.

Mama Mdogo Kodbanu alikuwa barazani akikata popoo. Ana miaka themanini na kitu, na hicho kitu hakumbuki ni kingapi. Nilimpa habari kama ilivyo.

"Juu ya guta?" akauliza.

"Ndivyo alivyosema."

"Lile guta la Dulal, linalobeba viazi?"

"Labda hilo hilo."

Akatema mate mekundu ya tambuu uani, mbali kidogo na kuku. "Niliingia kijiji hiki kwa njia ile, juu ya mkokoteni, nimevaa sari nyekundu. Nitatoka kwa njia ile ile, mabegani mwa watu. Kamwambie imamu."

"Mwambie mwenyewe, Mama Mdogo. Mimi ni mwandishi, si mjumbe."

"Mwandishi mstaafu," akasema. "Nafasi ya ujumbe iko wazi."

13 Julai

Mvua.

14 Julai

Mvua. Imamu ameambiwa. Amesema anamheshimu sana Bibi Kodbanu, lakini tuta haliheshimu mtu.

16 Julai

Mvua imekatika asubuhi na bonde zima limejaa migongo. Wanapandikiza.

Kabla ya kupandikiza, kila mkulima husafisha tuta lake. Anasimama ndani ya jaruba, anashusha jembe kwenye ubavu wa tuta, anakata bamba la udongo pamoja na nyasi zake, analitupa nyuma yake shambani na kulikanyaga. Wenyewe wanaita kunyoa. Nimesimama karibu na Toser, mtoto wa kiume pekee wa Mama Mdogo. Jaruba lake limepakana na halot upande wa kulia.

"Unafanya nini, Toser?"

"Nanyoa, Dada. Nyasi zikizidi zinaficha panya."

"Mwaka jana ulinyoa?"

"Kila mwaka. Ndevu haziachi kuota."

"Ndevu zinaota. Udongo je?"

Akacheka, akaegemea mpini. "Bamba la vidole vinne tu hilo, Dada. Hata mstari mmoja wa mpunga hauingii."

"Basi unalitakia nini?"

Hapo hakucheka. Alinyoosha kidole ng'ambo ya njia. "Kamuulize Golam Mortuza. Mimi nanyoa. Yule anachinja."

Upande wa kushoto wote ni wa Mortuza, mwenye kinu cha mpunga. Yeye hatumii jembe. Ana vibarua na trekta la mkono, na trekta likigeuza mwisho wa shamba linakula tuta kwa meno yake yote. Ndani ya shamba lake imesimama mivumo mitatu, miti mirefu jamii ya mnazi, maji yakiwa mpaka kwenye mashina, na viota vya ndege kwera vinaning'inia kwenye makuti. Nimeegemeza macho hapo kwa muda, kisha nikaendelea.

19 Julai

Nimemkuta Mortuza kwenye baraza ya kinu chake, anakunywa chai.

"Bi Mahmuda! Umekuja na farasi wako," alisema, akiitazama baiskeli.

"Nimekuja kuuliza habari za halot."

"Halot ipi tena?"

"Uliyopita ukimbeba baba yako."

Akaweka kikombe chini taratibu. "Sikiliza, Dada. Mimi nikitaka ardhi, nanunua. Wanaokwangua njia ni hawa wenye majaruba kama kiganja. Kaanze nyumbani kwako."

"Nimeanzia huko. Sasa nimefika kwako."

"Kwa nini hupumziki? Mwanamke wa umri wako, juu ya baiskeli, katikati ya mpunga. Watu wanasema."

"Wanasemaje?"

"Kwamba iko siku utaanguka."

"Nilishaanguka. Waambie hiyo ni habari ya zamani."

Nyuma ya pazia la dirisha mtu alikohoa. Kilikuwa kikohozi cha kikongwe, na kilifanana sana na kicheko. Mortuza hakugeuka. Ni mama yake, Bi Sobura, ambaye siku hizi hatoki ndani.

24 Julai

Nimeanguka. Mbele ya jaruba la Toser, pale alipomaliza kunyoa. Usukani umepinda, nyonga inauma. Fundi wa sokoni amenyoosha usukani.

3 Agosti

Nimeamua kuzipita njia zote za bonde, moja baada ya nyingine. Kama kuna nyingine inayofika makaburini, nataka kuijua kwa macho yangu, siyo kwa maneno ya duka la chai.

Leo kaskazini, juu ya ukingo wa mfereji. Hakuna mtu. Yangeyange tu, na harufu ya juti iliyoloweshwa, ile harufu inayokaa kwenye nguo mpaka kesho. Njia ni pana, tairi linateleza kwenye matope mororo bila sauti. Nimepiga pedeli kwa raha karibu saa nzima, mpunga mchanga pande zote mbili, kijani ambacho macho hayakishibi. Kisha seng'enge. Mtu amechimba bwawa la samaki palipokuwa njia, na ameweka mbwa.

Nimerudi nilikotoka.

10 Agosti

Mashariki, katikati ya miwa. Hii ndiyo njia nzuri kuliko zote nilizopata: kivuli, udongo mgumu, upana wa jeneza na nusu. Inaishia mtoni. Mto umekula ukingo mwaka jana au mwaka juzi, na njia inakwenda mpaka hewani na kukatika. Makaburi yanaonekana ng'ambo. Nimekaa pale nikala bisi zangu za mchele na pilipili, nikiyatazama.

12 Agosti

Idi. Nyama. Hakuna baiskeli.

18 Agosti

Leo nimepita alikosema imamu, barabara ya lami yote, mzunguko mzima, ili niweze kutoa taarifa kamili. Mama Mdogo alinisubiri kama mhariri.

"Inapita wapi?"

"Sokoni. Mbele ya wachinjaji, kisha duka la simu lenye spika, kisha daraja dogo ambalo leo lilikuwa chini ya maji."

"Spika inapiga nini?"

"Nyimbo za sinema."

"Kwa hiyo nitapita nimekufa, juu ya viazi, napigiwa nyimbo za sinema."

"Viazi watavishusha kwanza, nadhani."

"Hawatashusha," akasema. "Namjua Dulal."

Rashida, mke wa Toser, aliyekuwa akipepeta dengu pembeni, alicheka mpaka akaweka ungo chini. Mama Mdogo hakucheka.

26 Agosti

Mvua, halafu jua kali. Mpunga umeshika mizizi. Nimepita halot mara mbili. Miguu yangu miwili ikisimama pamoja, imejaa njia.

5 Septemba

Diwani amesema njia itashughulikiwa baada ya mavuno. Hakusema ya mwaka gani.

14 Septemba

Lazima niandike leo kwa kirefu, maana nimekuwa nikiitazama habari hii kutoka upande usiofaa.

Asubuhi Mama Mdogo alitaka kutoka. Anatembea na fimbo, hatua fupi fupi, lakini anafika. Nilisukuma baiskeli nyuma yake mpaka mwanzo wa halot. Maua meupe ya manyasi ya mtoni yamechanua, na mawingu ni yale mepesi yasiyo na mvua. Alisimama akatazama bonde kwa muda mrefu. Nilidhani anahuzunika, na nikasema jambo la kijinga, kwamba inasikitisha jinsi watu walivyomnyang'anya njia yake.

"Nani kaninyang'anya?"

"Mortuza. Na wengine."

"Mimi ndiye niliyeanza," akasema.

Nilisubiri aendelee mwenyewe, kama nilivyowafanyia wakubwa wa serikali kwa miaka mingi. Yeye hakuhitaji mbinu hiyo.

"Baba yake Toser alipokufa nilikuwa na watoto watatu na jaruba moja. Nikashika jembe. Watu walisema mwanamke hawezi jembe. Nikasafisha tuta. Nikakata vidole vinne. Mwaka wa pili nikakata kiganja. Hakuna aliyesema kitu, kwa sababu nani atamgombeza mjane? Mwaka wa tatu nikakata dhiraa. Upande huu wote, mwanangu, ni mkono huu." Akaunyanyua, mwembamba kama mpini wa mwiko. "Toser aliniona nikifanya hivyo tangu alipokuwa akinyonya. Ukimuuliza leo kwa nini ananyoa, atakwambia panya."

"Alinambia panya."

"Unaona?"

Nilimuuliza kama anajuta. Ni swali la mwandishi mchanga, sijui lilinitokaje.

"Kwa nini nijute? Walikula. Mimi nilichukua kwa njaa. Toser anachukua kwa mazoea. Mortuza anachukua kwa sababu yupo. Lakini sasa naitaka."

"Mama Mdogo, unawezaje kudai kitu ulichokiiba mwenyewe?"

Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa kandambili kinyume. "Nani mwingine anayejua kilikuwa wapi?"

Akanyoosha fimbo. "Hiyo mivumo mitatu. Ulishaona mtu anapanda mvumo katikati ya jaruba?"

Nimeipita mivumo hiyo tangu nilipohamia hapa. Nimehesabu viota vyake. Nimeiandika humu ndani. Imesimama kwenye mstari mmoja ulionyooka, sambamba na halot, na sikujiuliza ni nani hupanda miti mstari ndani ya shamba la mpunga. Hakuna. Miti hupandwa mstari kando ya barabara.

"Aliipanda baba mkwe wangu na babu yake Mortuza," alisema. "Siku moja, wawili, na maji walichota pamoja. Mwisho wa njia upande ule ni pale. Upande huu mwisho wake ni jiwe la kuoshea miguu, liko chini ya mpunga wa Toser. Nililizika mimi."

15 Septemba

Nimemuuliza Toser kama kuna jiwe shambani mwake. Amesema lipo, linaharibu jembe lake kila mwaka, na kwamba ameshangaa siku zote nani mpumbavu aliliacha pale.

2 Oktoba

Mpunga umeanza kubeba mimba. Toser amesikia kwa mkewe habari za jiwe na hajanisemesha siku tatu. Leo amenisemesha.

"Dada, wewe umekuja kutukuta tunaelewana."

"Mlikuwa mkielewana kuhusu nini?"

"Kutosema," akasema, akaondoka.

11 Oktoba

Homa. Mama Mdogo hakuamka kwa ajili ya tambuu, na hapo ndipo Rashida alipotuita. Daktari wa sokoni amekuja na pikipiki, amempiga sindano, amesema umri.

13 Oktoba

Homa. Sijatoa baiskeli.

14 Oktoba

Wanawake wa jirani wanakuja na kukaa. Wanazungumza kwa sauti ile ambayo watu huitumia kwenye nyumba ambayo habari yake imeshaandikwa. Mchana nilimsikia Toser uani akimuuliza Dulal kama guta lake litakuwa na kazi wiki hii. Aliuliza kwa upole na mwenye guta alijibu kwa upole. Wote wawili walidhani ukuta wa bati hauna masikio.

Nilipoingia ndani, macho ya Mama Mdogo yalikuwa wazi.

"Nimesikia," akasema. "Mwambie Dulal akabebe viazi."

16 Oktoba

Amekula wali na samaki mdogo. Ameomba tambuu, na amemwambia Rashida chokaa imezidi. Wanawake wa jirani wamerudi makwao, wengine naona kama wamevunjika moyo kidogo.

29 Oktoba

Bonde limegeuka rangi. Asubuhi nimepita kwa baiskeli ndani ya ukungu mwepesi na masuke yamenipiga magoti pande zote mbili, kwa sababu njia haina tena upana wa kuyakwepa. Suruali imejaa umande mpaka mapajani. Wiki mbili, wiki tatu, wataanza kuvuna.

Mama Mdogo ameniuliza kama mpunga umekomaa. Nikasema karibu.

"Karibu kiasi gani? Ukiukanyaga unamwaga punje?"

"Unamwaga."

"Vizuri," akasema, na sikumwelewa.

8 Novemba

Sasa nimemwelewa.

Baada ya swala ya Ijumaa, wanaume wakiwa bado kwenye uwanja wa msikiti, Mama Mdogo alifika na fimbo yake, mimi na baiskeli nyuma. Alikuwa amevaa sari nyeupe safi. Alisimama mbele ya kibanda linapowekwa jeneza.

"Imamu, naomba hilo."

Imamu ni kijana mstaarabu, kutoka wilaya nyingine. "Bibi, hili ni jeneza. Ni la maiti."

"Nakuja kuliazima, sijaja kulichukua. Nataka nione kama nitafika."

Watu walianza kusogea. Imamu alitazama kulia na kushoto. "Bibi, aliye hai halali kwenye jeneza."

"Imeandikwa wapi?"

Akafikiri. Nampa heshima yake kwa hilo: alifikiri kweli. "Haijaandikwa," akasema. "Lakini haijawahi kufanyika. Halafu wanawake hawaendi makaburini."

"Maiti wa kike mnawapeleka wapi, sokoni?"

Kicheko kikapita uwanjani, kwanza nyuma, kisha mpaka mbele. Imamu mwenyewe alishika ndevu zake. Mama Mdogo akamgeukia mwanawe.

"Toser. Nikifa utanibeba?"

"Mama, tafadhali. Watu wote hawa."

"Utanibeba, hutanibeba?"

"Nitakubeba."

"Basi nibebe leo, ningali mwepesi, na naweza kukwambia unapokosea."

Alilala mwenyewe. Alitandika shuka, akaweka fimbo ubavuni, akafunga mikono kifuani, kisha akaifungua kwa sababu alitaka kushika kingo. Toser alishika mguu wa mbele kulia. Dulal wa guta alishika wa mbele kushoto, nadhani kwa aibu. Vijana wawili walishika nyuma. Imamu alisimama kidogo, kisha akavua viatu na kutangulia mbele. Mimi nilifuata nyuma na baiskeli, na nyuma yangu uwanja mzima.

Jeneza hubebwa na wanne, wawili wawili, mabega sambamba. Halot ina nafasi ya mmoja. Hatua chache tu kutoka msikitini, wa kulia walilazimika kushuka ndani ya mpunga wa kulia na wa kushoto ndani ya mpunga wa kushoto, na njia yenyewe ikapita katikati yao bila mtu. Mpunga uliokomaa una sauti yake unapokanyagwa. Punje zilimwagika kama mvua ndogo. Toser alikuwa akitembea juu ya jasho lake mwenyewe, na kila hatua uso wake ulikuwa ukisema hivyo.

"Mama, naharibu mpunga."

"Pole. Tembea sawasawa, unaniyumbisha."

Walipofika kwenye jiwe, Toser alijikwaa. Jeneza likainama, watu wakapiga kelele, Mama Mdogo akashika kingo na kusema kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, "Hapo! Hapo ndipo mwisho wa njia upande huu. Jiwe hilo nililizika mimi, Kodbanu, na njia hii niliikata mimi, vidole vinne vinne. Anayetaka kunishitaki anishitaki leo, kesho huenda nisipatikane."

Kisha mwavuli mweusi ukaja mbio kutoka upande wa kinu. Chini yake alikuwa Mortuza.

"Tokeni! Tokeni kwenye mpunga wangu!"

Wabebaji wakasimama. Mama Mdogo akajiinua kwa kiwiko.

"Mimi nimelala, mwanangu. Zungumza na walionibeba."

"Walionibe... waliokubeba wako ndani ya mpunga wangu!"

"Hapana. Wao wako njiani. Mpunga wako ndio uko njiani."

Nimeandika habari kwa maisha yangu yote na sijasikia kesi ya ardhi ikielezwa kwa ufupi zaidi.

Mortuza alitazama umati. Akajaribu upande mwingine, na haukuwa mbaya. "Mmemsikia? Amekiri mwenyewe! Aliyeiba njia ni yeye, na leo ananifundisha mimi!"

"Ndiyo, niliiba," alisema Mama Mdogo. "Sehemu yangu nairudisha. Toser anaikanyaga sasa hivi kwa miguu yake, muone. Wewe je?"

"Mimi sijachukua hata shubiri!"

"Babu yako alipanda mivumo ile mitatu kando ya barabara. Ama wewe umeihamisha barabara, ama mivumo imetembea. Chagua."

Watu wote waligeuka kutazama mivumo, kama wageni. Mwavuli ulishuka kidogo. Mortuza hakuchagua. Alisema atakwenda mahakamani, na kwamba mpunga uliokanyagwa utalipwa, akageuka, na ilimbidi arudi kwa kutembea ndani ya shamba lake mwenyewe, kwa sababu njia ilikuwa imejaa.

Tulifika. Makaburini alishuka, akatembea mwenyewe mpaka kwenye kaburi la mumewe, akasimama pale bila kuomba mtu amshike. Alilalamika kwamba mbuzi wanakula hapo na akauliza kwa nini hakuna uzio. Kisha akasema amechoka na jeneza ni gumu mgongoni.

Alirudi kwenye keria ya baiskeli yangu, miguu yote upande mmoja, mkono mmoja kiunoni mwangu na mwingine umeshika fimbo. Nilikanyaga nilipoweza na kusukuma niliposhindwa. Hajawahi kupanda baiskeli maishani mwake.

"Hii nayo si mbaya," alisema katikati ya bonde. "Lakini siku ile usinilete kwa hii."

9 Novemba

Toser ameokota punje zilizomwagika, yeye na mkewe, tangu alfajiri. Nilikwenda kusaidia. Hakunifukuza. Baada ya muda mrefu alisema, bila kuinua kichwa, "Lile jiwe ni zuri kwa kunolea," na huo ndio upatanisho wote tulioufanya.

11 Novemba

Mortuza hajakwenda mahakamani. Vibarua wake wameanza kuvuna kingo za halot kabla ya sehemu nyingine zote, mpunga ukiwa na umande bado. Watu wanapita wakitazama. Hakuna anayesema kitu, lakini si kule kutosema kwa zamani.

13 Novemba

Habari ya leo imetoka kinuni, na aliyeileta ni Rashida, ambaye ameambiwa na mpishi wao. Bi Sobura, mama yake Mortuza, ametuma mtu kwa imamu. Anaomba jeneza Ijumaa ijayo. Anasema yeye na Kodbanu waliletwa wakiwa mabibi harusi mwaka mmoja, kwa njia moja, na haoni kwa nini mwenzake ajue kama atafika na yeye asijue.

Nilimpelekea Mama Mdogo habari hiyo. Aliacha kutafuna.

"Sobura? Yule ni mzito," akasema. "Watahitaji wanne wenye nguvu, na watakanyaga zaidi."

Alicheka mpaka nikampigapiga mgongo.

15 Novemba

Bi Sobura hakubebwa. Kabla ya swala, Mortuza alikuja msikitini mwenyewe, bila mwavuli. Amemwambia imamu mbele ya watu kwamba upande wake utarudi mpaka kwenye mivumo, mivumo ikiwa ndani ya njia, na si kidole zaidi. Akaongeza kwamba anafanya hivyo kwa ajili ya mama yake, siyo kwa ajili ya kelele. Imamu akasema sababu zote mbili zinakubalika.

Nilidhani nitamwona mtu aliyeshindwa. Niliona mtu aliyekuwa na jambo la kumwambia mama yake jioni. Sijui kama hiyo ni habari, lakini ndivyo nilivyoona.

22 Novemba

Bonde limevunwa karibu lote. Mabua yamebaki mafupi na unaona kutoka msikitini mpaka makaburini bila kizuizi. Nimepita kwa baiskeli, siyo kwenye halot ilivyo, bali pale itakapokuwa: kutoka kwenye jiwe la Toser mpaka kwenye mvumo wa kwanza, na kurudi, zigizaga, kama mlevi. Nimetumia upana wote. Vibarua wa Mortuza waliacha kufunga miganda wakanitazama. Mmoja aliuliza, "Shangazi, umepotea?"

"Hapana," nikasema. "Niko njiani."

Imamu ametangaza leo baada ya swala: jeneza litarudi kwenye halot. Udongo utarudishwa na wale waliouchukua, kila mmoja mbele ya shamba lake, na mwenye trekta atakuja na trekta. Kazi inaanza Ijumaa, tarehe 6 Desemba, baada ya swala ya alfajiri, kuanzia upande wa msikiti.

Mama Mdogo amemwomba Toser amtolee jembe lake la zamani darini. Mpini umeliwa na mchwa, chuma kiko sawa. Analinoa sasa hivi barazani, ninaposhika kalamu. Amemwambia imamu ataweka bamba la kwanza yeye, la vidole vinne, na kwamba kabla ya tarehe hiyo Dulal na guta lake wasimngojee.